Kikaushio cha mvuke Eburru: shajara ya kazi

Januari. Mvuke upo, kazi ya kuupa ndiyo iliyokosekana

Asubuhi ya baridi, ukiutazama mlima wa Eburru kutoka upande wa Naivasha, utadhani kila boma limeamua kuchoma makaa siku moja. Ule si moshi, ni mvuke. Unatoka kwenye nyufa za ardhi katikati ya mahindi na viazi, kando ya njia, pengine hata nyuma ya jikoni ya mtu. Mito ya kutegemewa huku juu hakuna, na anayechimba kisima cha maji hukutana na joto kabla hajaona unyevu. Ndiyo maana watu wa hapa, kama wenzao wa Suswa, huteka mvuke. Unazamisha bomba kwenye tundu linalopumua, unalilaza juu ya vigingi kwa mteremko mrefu, upepo unalipoza, na mwisho wake maji yanadondoka kwenye pipa. Ng'ombe wanakunywa, watu wanapikia.

Sisi ni chama cha wakulima wadogo wa mlima huu. Kilichotukusanya si maji bali mahindi. Huku yanavunwa mwishoni mwa mwaka, ukungu unaposhuka alasiri na kukaa hadi saa nne ya kesho yake. Unaanika kwenye turubai, unaanua, unaanika tena, na bado ukipima, punje zina unyevu wa asilimia 20. Mnunuzi anataka 13.5. Ukiyatia ghalani hivyo hivyo kuvu inaingia, na nyuma ya kuvu inakuja aflatoksini, sumu ambayo huioni kwa macho na hakuna kuosha kutakakoitoa.

Wazo lilizaliwa kwa mama mmoja mzee tunayemwita sote Shosho. Mwanachama mmoja aliegemea bomba lake la maji akaruka kwa ukelele. Bomba lile lina joto la kumbabua mtu, na kazi yake yote ni kulitupa joto hilo hewani ili maji yabaki. Miaka yote hiyo tumekuwa tukikinga maji na kumwaga joto. Shajara hii ni ya jaribio la kuweka nafaka katikati ya hayo mawili: joto lipite kwenye mahindi, maji yaendelee na safari yake hadi kwenye pipa la mwenyewe.

Februari. Daftari la hesabu

Nafundisha fizikia, kwa hiyo hesabu ziliniangukia mimi.

Kwa Shosho mvuke unatoka ukiwa nyuzi 92. Kuna waliosikitika kwamba haujafika 100, lakini kwenye mwinuko huu maji huchemka karibu na hapo hapo. Mvuke umeshafika kikomo chake. Namba iliyokuwa na maana zaidi ni nyingine: jerikeni ya lita 20 inajaa kwa saa nne hivi. Lita tano kwa saa. Mengine yote yanafuata hapo.

Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji huachia joto la megajuli 2.27 hivi, yaani yuniti 0.63 za umeme katika zile tunazonunua kwa tokeni. Lita tano kwa saa ni kilowati tatu na kidogo, mchana na usiku, masika na kiangazi.

Upande wa mahindi, gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 72 za nafaka yenyewe na kilo 18 za maji. Ili lifike 13.5, karibu kilo saba za maji lazima ziondoke, na kuziondoa kunataka megajuli 16 au zaidi kidogo. Hakuna kikaushio kisichopoteza. Tukikubali theluthi mbili za joto ziende na upepo, gunia moja litakula megajuli 49, sawa na mvuke wa lita 21 na ushee za maji. Yaani kila gunia linalokauka linaacha jerikeni moja imejaa. Bomba moja la Shosho, bila kuchimba hata futi moja zaidi, linatosha magunia matano kwa usiku na mchana.

Vijana wa chama wakauliza lililokuwa vinywani mwa wengi: kwa nini tusitoe stima? Hapa hapa Eburru vilichimbwa visima sita kati ya 1989 na 1991, na tangu 2012 mtambo wa kampuni ya umeme ya KenGen, wa megawati 2.5 hivi, unatumia mvuke wa kimoja chao. Na si lazima uwe na joto kali. Mwaka 1952 kule Kiabukwa, Katanga, nchini Kongo, palijengwa kituo cha kilowati 200 hivi kilichotumia maji ya chemchemi ya nyuzi 91, karibu sawa kabisa na mvuke wetu. Chena, huko Alaska, wanatoa umeme tangu 2006 kwa maji ya nyuzi 74 tu. Pale maji ya ardhini hayaingii kwenye turbini. Yanachemsha kimiminika kingine kinachochemka upesi, na mvuke wa kimiminika hicho ndio unaosukuma mapanga.

Kwa hiyo inawezekana. Ila kwa nyuzi hizo mtambo haukupi hata sehemu moja ya kumi ya joto uliloupa. Katika kilowati zetu tatu tungebaki na wati zisizofika 300, balbu kadhaa na simu za kuchaji, kwa mtambo wa bei ya lori. Joto lile lile likitumika kama joto halina haja ya kugeuzwa chochote. Hoja hiyo ilifunga mjadala, ingawa kijana mmoja bado hunipitia shuleni: "Mwalimu, siku moja lakini."

Machi. Olkaria

Tulikodi matatu tukaenda Olkaria, kwenye mitambo mikubwa ya umeme wa jotoardhi, kuona wakubwa wanavyofanya. Visima vya majaribio vilianza kuchimbwa pale 1956, na umeme wa kwanza ukatoka 1981, kwenye mtambo wa megawati 15. Robo karne ya kuchimba na kungoja. Siku hizi Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, karibu zote Olkaria, na zinatoa karibu nusu ya umeme wa nchi.

Kilichowashika wenzangu ni mabomba. Ni manene, yamevikwa sufi ya kuhifadhi joto na bati juu yake, yamepakwa rangi ya kufanana na vichaka ili yasiharibu sura ya hifadhi ya Hell's Gate. Kila baada ya mwendo fulani bomba linapinda: linapanda, linavuka, linashuka, linaendelea. Mama mmoja akasema ni mlango wa twiga. Ni kweli wanyama hupita chini ya mikunjo mingine, lakini kazi yake hasa ni kulipa bomba nafasi ya kurefuka linapopata moto. Lingenyooka moja kwa moja lingejipinda lenyewe na kupasua viungo. Fundi wetu alipiga picha nyingi za mikunjo kuliko za turbini. Nilijua tumempata mtu sahihi.

Visima vinakwenda chini kilomita mbili hadi tatu. Sehemu nyingi za dunia ukishuka kilomita moja joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 hivi. Kwenye Bonde la Ufa tabaka la juu limevutwa likawa jembamba na miamba ya moto imesogea karibu, hivyo kule chini Olkaria hupimwa zaidi ya nyuzi 300. Kinachopanda ni mchanganyiko wa maji na mvuke. Unaingizwa kwa pembeni kwenye pipa refu la chuma, unazunguka kwa kasi, maji mazito yanatupwa ukutani na kuteremka, mvuke unachukuliwa peke yake. Mvuke huo unaizungusha turbini mara 3,000 kwa dakika. Chini ya turbini kuna kondensa: mvuke unapozwa ghafla, unasinyaa kuwa maji, unaacha ombwe, na ombwe linauvuta mvuke unaofuata kwa nguvu zaidi.

Pale kwenye kondensa nikawaambia wenzangu watazame vizuri, kwa sababu hilo ndilo bomba la Shosho. Joto linalotolewa kwenye mvuke hapo linapelekwa kwenye minara ya kupozea na kuachiwa angani, lile wingu jeupe linaloonekana kutoka barabara kuu. Kwa wastani, mitambo ya jotoardhi duniani hugeuza asilimia 12 hivi tu ya joto inayolipata kuwa umeme. Wanaopiga picha ya wingu lile na kuandika "nishati safi" wanapiga picha ya kilichotupwa.

Sisemi hivyo kwa dharau. Kusafirisha umeme kutoka Olkaria hadi Mombasa ni nyaya tu, kusafirisha joto umbali huo haiwezekani. Joto lina umbali wake. Linataka mtu wa karibu mwenye kazi nalo, na hapo ndipo jirani anapopata nafasi ambayo gridi haina. Shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, lililiona hilo mapema: kuanzia 2003 hivi lilitumia kisima cha jotoardhi kupasha vivungulio, yaani nyumba za kuoteshea, vya waridi, hekta 50. Usiku unyevu ukipanda ndani ya kivungulio ukungu hushambulia maua. Maji moto yakizungushwa kwenye mabomba kati ya mistari, hewa inakauka na ukungu unakosa pa kukaa. Gesi ya kaboni iliyotoka na mvuke waliilisha mimea. Menengai nako, juu ya Nakuru mjini, kampuni ya serikali ya GDC ilijenga vituo vya mfano: kivungulio cha mboga, mabwawa ya samaki, kuchemshia maziwa, kufulia nguo.

Na ukirudi nyuma kwenye historia, joto ndilo lililotangulia. Kule Larderello, Italia, mvuke wa ardhini ulianza kutumika 1827 kuchemshia maji ya boroni hadi yakauke, badala ya kuni zilizokuwa zimekwisha msituni. Umeme ulikuja 1904, balbu tano. Reykjavik mwaka 1930 walivuta maji moto hadi shuleni na kwenye nyumba za jirani, na leo nyumba tisa kati ya kumi za Iceland zinapashwa moto hivyo.

Jambo moja lilizungumzwa kwa sauti ya chini kwenye matatu tukirudi. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Tulikubaliana, na katibu akaandika kwenye kumbukumbu: kikaushio hakitamwondoa mtu kwake, na mvuke utachukuliwa pale unapotoka tayari.

Aprili. Vipande kwenye tundu

Kifaa kikuu cha kikaushio ni kile kinachopitisha joto kutoka kwenye mvuke kwenda kwenye hewa bila viwili hivyo kukutana. Mvuke wa ardhini hauji peke yake. Unakuja na hewa ya kaboni, na gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza, kwa hiyo hatuwezi kuupuliza moja kwa moja kwenye chakula.

Wengi walitaka tununue rejeta kuukuu ya lori. Ina mapezi tayari, na Gilgil zimejaa. Fundi akasema kwanza tuulize tundu lenyewe. Tulifunga kwenye waya kipande cha shaba, cha bomba la bati la kawaida, cha alumini na cha chuma kisichoshika kutu, tukavining'iniza ndani ya mvuke.

Shaba ilikuwa nyeusi tii kabla ya juma kuisha, na ukiikwaruza kwa kucha ule weusi unatoka kwa magamba. Hiyo ni salfa. Bati lilianza kupoteza ngozi yake ya zinki na kutoa kutu pale maji yanapokaa. Alumini ilififia tu. Kile kisichoshika kutu kilitoka kikiwa kimelowa, basi. Rejeta za shaba zikaishia hapo, na mimi nikaelewa kwa nini kila boma hapa lina rundo la mabomba yaliyotoboka nyuma ya nyumba.

Bei ya mabomba mapya yasiyoshika kutu ilitutoa jasho. Fundi akapata Nakuru, kwa muuza chuma chakavu, mabomba yaliyong'olewa kwenye kiwanda cha maziwa. Yalinukia siagi ya zamani. Tukayanunua kwa uzito.

Mei

Mvua. Njia haipitiki hata kwa punda. Hakuna kilichofanyika isipokuwa mikutano, na mikutano ilikuwa mingi kuliko mahitaji.

Juni na Julai. Ujenzi

Chumba ni cha matofali, upana wa mtu kunyoosha mikono, urefu wake mara mbili ya hapo. Upande mmoja kuna mabomba ya mvuke yaliyopangwa safu, yakiwa na vipande vya alumini vilivyobanwa juu yake ili hewa ipate pa kugusa. Feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kati ya mabomba, inaisukuma chini ya trei za waya, na hewa iliyobeba unyevu inatokea juu kwenye dohani. Feni yenyewe ni ya rejeta ya lori, ya volti 12, inayoendeshwa na paneli ya sola na betri. Waliotaka rejeta walifurahi kuona angalau kipande chake kimepata kazi.

Ugumu wote uko kwenye mteremko. Mvuke wetu hauna msukumo; unatoka tu kwa upole. Hilo ni heri, kwa sababu hakuna cha kulipuka, lakini pia hakuna cha kuusukuma. Bomba linapaswa kupanda taratibu kutoka kwenye tundu, kisha likifika chumbani lishuke bila kurudi juu hata kidole kimoja. Pakiwa na bonde dogo katikati, maji yanakaa pale na kuziba njia. Fundi alipima kila kiungo kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, macho yamekaza, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Mwishoni bomba limepindwa kama herufi U ili maji yanayokaa kwenye kona yazuie mvuke kutoroka, huku yaliyozidi yakidondoka kwenye pipa.

Kwa wanaotaka kuiga, chungeni mashimo. Gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na ndani ya mitaro, na haina harufu. Ile ya salfa ina harufu, lakini ikizidi pua inakufa ganzi na husikii tena kitu. Mtaro wa bomba tuliuchimba mchana, wenye upepo, wawili wawili, na hakuna mtoto aliyekaribia. Mvuke nao unababua kabla hujauona, kwa kuwa pale unapotoka kwenye tundu hauna rangi. Weupe unaouona ni maji yaliyokwisha kupoa.

Agosti. Chumba kinapoa chenyewe

Siku ya kwanza kuwasha, hewa ilifika nyuzi 48 chini ya trei. Tukapiga makofi. Kufika jioni ilikuwa 41, usiku 33, asubuhi trei zilikuwa na ubaridi wa kawaida wa Eburru, na pipa lilikuwa na maji kidogo tu. Tundu lilikuwa linapumua vile vile.

Tuligusa mabomba moja moja. Safu ya kwanza ilikuwa ya moto wa kubabua, ya pili vuguvugu, ya mwisho baridi. Jibu ni ile gesi. Mvuke ukigeuka maji unaondoka, lakini kaboni haigandi, inabaki ndani ya bomba. Saa hadi saa inajikusanya mwisho wa mstari na kusogea nyuma, hadi mabomba yamejaa hewa isiyo na kazi na mvuke hauna pa kuingia. Mitambo mikubwa ina pampu maalumu za kuinyonya gesi hiyo kutoka kwenye kondensa. Kule Olkaria tulizipita tukizidhania mapambo.

Dawa yetu ilikuwa kitundu. Fundi alichomelea bomba jembamba, la unene wa kalamu, sehemu ya juu kabla tu ya ile kona ya U, akalipandisha hadi nje juu ya paa. Linapumua muda wote. Linapoteza mvuke kidogo, ndiyo, lakini gesi inatoka. Tukaweka na valvu ili tulibane: ukifungua sana unatupa joto, ukibana sana safu ya mwisho inapoa. Tangu hapo kipimajoto kimekaa kati ya nyuzi 44 na 50, na kinachokisogeza ni hali ya hewa ya nje tu.

Oktoba. Pareto

Mahindi yalikuwa bado shambani, kwa hiyo tukaanza na pareto. Maua haya ni mtihani mzuri kwa sababu hayasamehe. Yakiachwa yamerundikana nusu siku yanajipasha moto yenyewe na kuoza. Yakikaushwa kwa joto kali, ile dawa ya kuua wadudu iliyo ndani yake inapotea, na mnunuzi hulipa kwa dawa, si kwa uzito pekee. Tulikaa chini ya nyuzi 50, trei nyembamba, tukigeuza kwa mkono. Kilo nne za maua mabichi hurudi kilo moja hivi.

Guka mmoja, mzee wa hapa, alikuja na fimbo yake, akaingia, akaweka kiganja juu ya trei, akanusa. Ujanani mwake alibeba pareto ya mabwana hadi kwenye kikaushio cha mvuke kilichojengwa hapa Eburru enzi za walowezi. "Hiki ni kile kile," akasema. "Ila kile kilikuwa na mnyapara." Nikamwuliza kwa nini watu hawakukiendeleza baada ya Uhuru. Akacheka. "Mwalimu, kila aliyekuja hapa na suti aliuliza megawati ngapi. Hakuna aliyeuliza nyuzi ngapi."

Novemba. Mahindi

Magunia ya kwanza yaliingia yakiwa na unyevu kati ya asilimia 19 na 22. Kipima unyevu ni kimoja na chaji huisha, kwa hiyo tunategemea chupa ya chumvi. Unachukua chupa kavu ya soda, unaweka punje hadi robo, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unaziba, unatikisa kwa nguvu, unaacha itulie. Chumvi ikibandika kwenye kioo, mahindi yana zaidi ya asilimia 15, rudisha ndani. Ikianguka yote chini na kioo kubaki safi, yamekaribia, na hapo ndipo unawasha kipima kuhakikisha 13.5. Chupa zimepangwa mlangoni zikiwa na alama ya mwenye gunia, na kila mtu akifika huitazama ya kwake kwanza kabla hajasalimia.

Kazi halisi inafanyika usiku. Sola ingekuwa imelala, turubai zingekuwa zimekunjwa, na kule nje ukungu umekaa juu ya nyasi. Ndani hewa inapanda, na zamu ya usiku wanachoma viazi vyao juu ya bomba la kwanza, jambo ambalo kanuni za chama hazikulitaja na sitalitaja mkutanoni. Tunageuza trei kila baada ya saa chache kwa sababu za chini hukauka kwanza.

Hesabu ya Februari imesimama. Tunapata magunia manne hadi matano kwa usiku na mchana, na mwisho wa zamu maji yaliyo kwenye pipa ni jerikeni moja kwa kila gunia, pengine zaidi kidogo pakiwa na baridi.

Desemba. Ugomvi wa jerikeni

Maji hayo yalileta maneno. Mwenye mahindi mmoja alikuja na jerikeni yake tupu: kama gunia langu ndilo limepoza mvuke, maji si yangu? Shosho akajibu kwamba tundu lilikuwa linampa maji kabla mahindi ya huyo bwana hayajapandwa. Kijana wetu wa stima, ambaye amesoma Sheria ya Nishati ya 2019, akaongeza kwamba jotoardhi lililo ardhini ni mali ya serikali ya kitaifa, hivyo wote wawili wanagombania cha mwenzao. Hakuna aliyemshukuru.

Mkutano ukaamua: maji yote ni ya Shosho, kama zamani. Mwenye mahindi analipa shilingi 100 kwa gunia, na sehemu ya fedha hiyo ni kodi ya tundu, nayo inakwenda kwa Shosho pia. Zinazobaki ni za betri na valvu. Nilidhani angeridhika, lakini alisimama akadai lingine: maji yanayotoka sasa yanapita kwenye mabomba ya kiwanda cha maziwa, nayo hayana kutu kama yale yake ya zamani, basi anataka bomba la kwenda hadi pipa la jikoni nalo libadilishwe liwe la aina hiyo hiyo. Fundi alisema ana haki. Ni mita chache, nasi tunazo zilizobaki.

Yaliyo mezani kabla ya pareto ya Machi: bomba la jikoni la Shosho, betri ya pili, kwa kuwa ya kwanza huzimika alfajiri siku zenye mawingu, mlango unaovuja hewa upande wa bawaba, na kupima tundu la jirani wa juu, ambalo linapumua kwa nguvu zaidi lakini liko upande wa pili wa korongo, hivyo bomba litahitaji mkunjo wake wa twiga.